Ishirini na Tano Toa Tisa

Juzi mmoja wenu alinijia nyumbani na daftari la mwanafunzi wake, anacheka. Mwanafunzi ameulizwa: mraba wa saba toa mraba wa tano. Naye bila wasiwasi ameandika nne. Saba toa tano ni mbili, mbili mara mbili ni nne, kazi imekwisha, twende tukale. Mwalimu wake alidhani nami nitacheka. Sikucheka. Mke wangu, ambaye ananijua, alinipokonya kikombe cha uji kabla sijakimwaga.

Basi leo mmekaa hapa, walimu vijana, mmeniomba niwasimulie kazi yetu ilivyokuwa zamani za Mjerumani. Mlitaka nianzie mwanzo niishie mwisho. Sitaweza. Mzee hukumbuka kama kuku anavyokula, anadonoa hapa, anarukia kule. Lakini habari ya hiyo nne nitaifikisha mwisho wake, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuitoa hesabu ya namna hiyo, tena mbele ya Bwana Mkubwa, Mjerumani mwenye kituo, na aliyechapwa kwanza hakuwa mimi.

Kituo chenyewe sitakitaja. Kilikuwa kituo kidogo cha serikali, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka Dodoma, nchi kavu ya miiba na vumbi jekundu kama mnavyoijua. Palikuwa na boma lenye ukuta, nyumba za askari, mti wa bendera, na kibanda cha shule kilichoegemea ukuta wa boma kwa nje. Walimu ni mimi peke yangu. Wanafunzi ishirini na kitu, wengine wakubwa kuliko mimi, wana wa majumbe waliolazimishwa kusoma. Jumbe alikuwa mkuu wa kijiji chini ya serikali, na asipoleta mwanawe shuleni alijieleza mwenyewe bomani.

Mnaniambia mnamwogopa mkaguzi. Wanangu, ninyi hamjaogopa. Sisi tuliogopa tarumbeta ya asubuhi, tukaogopa ya jioni, na katikati tukaogopa kimya. Tulifundishwa kusimama wima Bwana Mkubwa akipita, na nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyesimama wima hata mbwa wa Bwana Mkubwa akipita, kwa tahadhari. Tulimcheka, kisha nasi tukaanza kumsimamia yule mbwa.

Adhabu ya kawaida ilikuwa hamsa wa ishirini. Viboko ishirini na tano, mtu amelazwa juu ya pipa, askari wawili wanapokezana, mmoja kulia, mmoja kushoto, na mwenye kuchapa ndiye anayehesabu kwa sauti. Watu wa kituoni wengi hawakujua kusoma, lakini mpaka ishirini na tano walijua kuhesabu wote, hata akina mama. Nami nilikuwa mwalimu wa hesabu mahali hapo.

Nami nilikuwa na kiboko changu, msije mkanidhania malaika. Kilitundikwa ukutani karibu na ubao. Mwalimu asiye na kiboko alionekana hana kazi. Nitawapa hekima moja niliyoipata kwa kosa: ukifundisha nje, simama mahali ambapo jua litakuwa mgongoni mwa wanafunzi. Likiwapiga usoni watakunja nyuso, nawe utadhani ni wakaidi au hawajaelewa, uwachape bure. Miezi miwili nilichapa watu kwa sababu ya jua.

Hesabu ya miraba niliipata chuoni pwani. Ninyi mnaiita kutafuta vigawo vya tofauti ya miraba miwili, na mnaiandika kwa herufi. Sisi tuliimbishwa kwa maneno: mraba mkubwa toa mraba mdogo, jumlisha pande, toa pande, zidisha. Tatizo ni kwamba wiki waliyoimba wenzangu mimi nililala na homa. Niliporudi nikanakili daftari la jirani yangu, na jirani yangu alikuwa mvivu. Ameandika: "Mraba toa mraba. Toa pande, zidisha." Kujumlisha pande hakukuandika. Nami nikaona ni sawa kabisa: toa pande, upate tofauti, uizidishe yenyewe. Nikafaulu mtihani kwa kuwa swali hilo halikuulizwa. Mungu akitaka kukuadhibu, hukuacha ufaulu kwanza.

Sasa sikilizeni habari ya nyumba ya askari.

Askari walikuwa wameongezeka, na Bwana Mkubwa akaamua wajengewe tembe, kwa namna ya Wagogo wenyewe, maana miti mirefu hapana na mabati hayajafika. Mnaijua tembe: nyumba inazunguka pande zote nne, katikati uwanja wazi wa mifugo, na paa ni bapa, boriti na fito na udongo juu. Yeye alitaka ya mraba sawasawa, uwanja nao mraba sawasawa katikati. Kuta zilikuwa zimekwisha simama. Lilibaki paa.

Akaniita. Nilimkuta anavaa buti za safari, saa yake imefunguliwa juu ya meza.

"Mwalimu. Nje, upande mmoja, hatua kumi na tatu. Uwanja, upande mmoja, hatua saba. Kila hatua moja ya mraba inataka mzigo mmoja wa boriti na fito. Mizigo mingapi?"

Nikamwangalia. Yeye akaiangalia saa.

Wanangu, hofu hutafuta njia fupi. Kama ningekuwa peke yangu na kijiti mchangani ningepata jibu hata bila kanuni. Kumi na tatu mara kumi na tatu, saba mara saba, toa. Lakini zile ni hesabu kubwa, na ile saa ilikuwa inagonga, na daftari la jirani yangu likanijia kichwani kama mkombozi. Kumi na tatu toa saba, sita. Sita mara sita.

"Thelathini na sita, Bwana."

Akaandika kwenye kitabu. Akaagiza Jumbe Madeje, wa kijiji cha karibu, alete mizigo thelathini na sita, paa liwe limefunikwa atakaporudi baada ya siku kumi. Akapanda nyumbu wake akaenda. Nilitoka pale najiona bingwa.

Mzee Madeje alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye masikio yaliyotobolewa na sauti ya chini. Mwanawe Chedego alikuwa mwanafunzi wangu, mtu mzima mwenye mke na mtoto, aliyekwisha kujenga tembe mbili kwa mikono yake. Kesho yake nikaifanya nyumba ile kuwa somo. Nikachora ubaoni, nikawauliza, wakaimba pamoja nami: sita mara sita, thelathini na sita. Chedego peke yake hakuimba.

"Chedego, umemeza ulimi?"

Akasimama. "Mwalimu, samahani. Hiyo mizigo haitoshi. Itafunika upande mmoja, na mlango. Nyumba ina pande nne."

Darasa likacheka. Nami nikaona heshima yangu inaporomoka mbele ya mtu ambaye wiki iliyotangulia alikuwa ameandika tatu kwa kuigeuza kinyume.

"Wewe unajua kuliko kitabu?"

"Kitabu sikijui, Mwalimu. Paa nalijua."

Nikakitoa kiboko ukutani. Nilimpiga vitatu, mtu mwenye mtoto, mbele ya wenzake. Alivipokea kimya, akakaa, na nilipouliza tena akaimba thelathini na sita kwa sauti kuliko wote.

Mizigo ikaletwa, thelathini na sita kamili. Na hapa mlijue jambo la watu wetu wakati ule. Kila mtu aliyeshika boriti pale alijua kwamba haitoshi. Watoto walijua. Lakini amri ilisema thelathini na sita. Ukileta pungufu unachapwa, ukileta zaidi unaulizwa nani alikutuma, na ukisema hesabu ya boma ni mbaya, hujui utalala wapi. Basi wakafunika upande mmoja, vizuri sana, wakatandaza udongo, wakaushindilia, wakafunika na mlango, wakanawa mikono wakaenda zao. Nilipita pale kila siku. Nikajiambia, labda mingine inakuja.

Siku ya kumi Bwana Mkubwa akarudi, akaikuta nyumba ina paa upande mmoja na mbingu pande tatu.

Akamwita askari aliyepokea mizigo. "Ilitimia?" Askari alikuwa amepokea bila kuandika. Akalitazama paa, akamtazama bwana wake, akajiokoa. "Haikutimia, Bwana." Akaitwa Mzee Madeje. Akasema ameleta yote. Akaulizwa: wewe kwako hukutengeneza paa mwezi huu? Kweli alikuwa amelitengeneza, kila mtu hutengeneza paa kabla ya mvua. Ikatosha. Amezila boriti za serikali. Hamsa wa ishirini, kesho asubuhi baada ya tarumbeta, na watu wote waje waone. Wakamfungia.

Mimi nilikuwepo, nimesimama wima. Na nitawaambia neno la aibu: niliamini kwamba ameiba. Nilisikitika, nikasema moyoni, mzee mzima, kwa nini?

Jioni, jua likiwa bado juu kidogo, nilikwenda kwa Mwalimu Salimu. Huyu alikuwa Mrangi wa Kondoa, ndiye aliyefundisha pale kabla yangu, sasa amestaafu na mbuzi wake hatua chache kutoka shuleni. Meno yalikuwa yamemwisha, akili bado. Nilimkuta uani anakwangua ngozi ya mbuzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku anakwangua. Nilipofika kwenye thelathini na sita, kisu kikasimama.

"Umepataje?"

"Kumi na tatu toa saba. Sita mara sita."

"Rudia."

Nikarudia. Akaitandaza ile ngozi, akaikata pande zake mpaka ikawa mraba. Akapima kwa kijiti: kila upande vijiti kumi na tatu vifupi.

"Hii nyumba yako. Uwanja uko wapi?"

"Katikati."

"Nikiusogeza uwanja pembeni, nyumba itapungua?"

Nikafikiri. "Haipungui. Ni ardhi ileile."

Akakata pembeni mraba mdogo wa vijiti saba, akautupa kando. "Uwanja umekwenda. Kilichobaki ndicho paa." Mbele yangu ikabaki ngozi yenye umbo la kiwiko. Akaikata mara moja tu kwenye kiwiko. Vikawa vipande viwili: kimoja kirefu cha kumi na tatu, kingine kifupi cha saba, na vyote viwili upana wake sita. Akavilaza vikafuatana, kichwa kwa mkia, vikawa mkanda mmoja.

"Urefu?"

"Kumi na tatu na saba. Ishirini."

"Upana?"

"Sita."

"Zidisha."

Hakuningoja. Alisema yeye. "Mia moja na ishirini. Jumlisha pande, toa pande, zidisha. Mwanangu, hesabu isiyoshikika mkononi ni uvumi. Madeje hakuiba kitu. Mizigo themanini na nne umeila wewe."

Chedego alikuwa amesema hivyohivyo, bila kitabu, nami nilimchapa.

Nikamuuliza Mwalimu Salimu nifanye nini. Naye akanijibu kwa hasira, kwa mara ya kwanza tangu nimjue: "Unaniuliza mimi? Swali hilo lina jibu moja, na unalijua. Unachotafuta ni mtu wa kukwambia subiri." Akauokota na ule mraba mdogo, akavikunja vipande vyote vya ngozi akanipa.

Ningekwenda jioni ileile ningemkuta Bwana Mkubwa mezani. Sikwenda. Nilisema amechoka na safari, atakasirika zaidi. Nilisema kesho mapema, kabla ya tarumbeta. Mwoga hakosi saa nzuri zaidi ya kesho.

Kesho ikafika. Niliamka mapema, hilo ni kweli. Nikanawa. Nikavaa kanzu safi, maana huendi bomani na kanzu chafu. Nikaona darasa halijafagiwa, nikafagia, nikarudia kufagia palepale. Nikaandika tarehe ubaoni. Tarumbeta ikalia. Nikaona tarehe imepinda, nikaifuta, nikaiandika upya. Nasema haya ili mjue hofu haiji na pembe. Huja na ufagio mkononi, inakutafutia kazi nzuri za kufanya.

Nilipotoka, watu walikuwa wamekwisha ingia bomani. Nikaufuata ukuta kwa nje. Lango lilikuwa hatua arobaini hivi kutoka shuleni. Nilikuwa nusu ya njia niliposikia.

"Moja!"

Ni sauti ya askari. Halafu sauti nyingine: "Mbili!"

Miguu ikakataa. Sijui niwaelezeje. Niliiambia twende, ikasimama. Nikaegemea ukuta, ule ukuta ulikuwa na baridi ya asubuhi, na vipande vya ngozi viko kwapani vinanuka. "Tatu!" Mzee Madeje hakutoa sauti, nilisikia kiboko na nikasikia hesabu, basi. "Nne!" Nilisema ikifika tano nitaingia. Ikafika tano. Nilisema sasa hata nikiingia nitakuwa nimechelewa. "Sita!" Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu pamoja nao, midomo inacheza, kama ninavyowahesabisha wanafunzi. "Saba! Nane!"

Baada ya nane nikasikia sauti ya Chedego mle ndani. Hakupiga kelele. Alisema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayejibu darasani: "Bwana, mizigo haitoshi tangu mwanzo. Nilisema shuleni." Na askari mmoja akamfokea anyamaze.

"Tisa!"

Sikuamua. Nikawa tu nimeingia langoni, napita katikati ya watu, na kinywa changu kinasema, "Hesabu ni yangu! Bwana, hesabu ni yangu! Mimi nimekosea!"

Askari akashusha mkono. Kila mtu akanigeukia. Mzee Madeje yuko juu ya pipa, uso umeelekea upande wangu, macho yamefumba.

Bwana Mkubwa hakukasirika. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. "Mwalimu anasema nini?"

Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikavitandaza vile vipande. Nikamwonyesha nyumba, nikamwonyesha uwanja, nikausogeza pembeni, nikaweka kiwiko, nikavitenganisha, nikavilaza kwa urefu. Somo langu zuri kuliko yote niliyopata kufundisha, nalifundisha kwa mtu aliyesoma zamani kwao na hakuwa na haja nalo. Alifahamu kabla sijamaliza.

"Zwan... ishirini mara sita," alisema, Kijerumani kikimtangulia. "Mia moja na ishirini."

"Ndiyo, Bwana."

"Nawe uliniambia thelathini na sita. Nami nikaandika." Nadhani lililomuuma ni hilo la kuandika, maana yeye naye angeliweza kuihesabu na hakuihesabu. "Huyu mzee aondoke."

Wakamfungua. Nikainua uso, nikadhani yamekwisha. Akafungua kitabu chake.

"Imeandikwa ishirini na tano. Hapa kitabuni hakuna kufuta. Tisa zimekwisha. Mwalimu, ishirini na tano toa tisa?"

Nilimwelewa. Akangoja. Watu wote wakangoja, na wanafunzi wangu wote wamo.

Ishirini na tano ni mraba wa tano. Tisa ni mraba wa tatu. Daftari la jirani yangu likanijia tena, naapa, hata pale: tano toa tatu, mbili, mbili mara mbili. Kwa kanuni yangu ya zamani ningechapwa vinne tu.

"Kumi na sita, Bwana."

"Vizuri," akasema.

Tano na tatu, nane. Tano toa tatu, mbili. Nane mara mbili. Askari walikuwa wawili, na kila mmoja alinichapa vinane. Mimi sikunyamaza kama Mzee Madeje. Nililia kuanzia cha kwanza.

Siku tano nililala kifudifudi kwa Mwalimu Salimu, ananipaka mafuta ya kondoo na kunisema. Siku ya sita nikamfuata Mzee Madeje kwake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo hauugusi ukuta. Nikainama, nikamwamkia kwa lugha yao.

"Mbukwa, baba."

Akaitikia. Nikaanza maneno niliyokuwa nimeyapanga, ya kuomba radhi, marefu. Akaniacha nikayamaliza yote. Halafu akauliza, bila ukali wowote:

"Mwalimu, zile tisa, ulikuwa wapi?"

Ningeweza kusema nilikuwa njiani. "Nilikuwa nje ya ukuta, baba."

"Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa amekwisha jua. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hakunisamehe. Akamwita Chedego aniletee maziwa, na Chedego akayaleta kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anavyopewa mwalimu. Yale maziwa hayakushuka.

Nilirudi darasani wiki iliyofuata. Kabla ya lolote nikaandika ubaoni: ishirini na tano toa tisa. Nikasema wapate jibu kwa njia ya miraba. Mmoja wa nyuma, yule mwenye kumsimamia mbwa, akapaza sauti: "Nne!" Mkono wangu ukaenda ukutani wenyewe, kwa mazoea, ukakishika kiboko. Nikamwona Chedego ananitazama. Nikakitundua, nikatoka nacho nje, nikakitupa kwenye shimo la takataka, nikarudi. Nikamwambia Chedego aje mbele, nikampa kisu na kipande cha ngozi. Alilifundisha somo lile vizuri kuliko mimi, na alipofika kwenye uwanja akasema, "Hapa ndipo ng'ombe wanalala, paa halihusiki," na hakuna aliyekosea tena siku ile.

Bwana Mkubwa hakuuliza kiboko changu kimekwenda wapi. Kila tarumbeta ilipolia nilidhani ataniuliza leo. Niliishi hivyo mpaka vita vilipowaondoa.

Basi, mwanangu mwenye daftari, dawa ya hiyo nne ni hii. Usicheke, usichape. Mpe karatasi na mkasi, siku hizi ngozi ni ghali. Akate mraba, aondoe mraba, akate kiwiko, aunge. Akishaunga kwa mkono wake mwenyewe hatasahau mpaka anazikwa. Na akisimama Chedego darasani akakwambia haitoshi, teremka kwenye kiti chako ukapime naye.

Na ninyi wote mtakosea. Si labda, mtakosea, na kosa lenu litalala juu ya mgongo wa mtu mwingine, nanyi mtakuwa nje ya ukuta fulani mmeshika ufagio. Mkisikia inasemwa "moja", ingieni. Nimefundisha miaka mingi, nimewatoa makarani na mafundi na walimu, na watu hunisalimia njiani kwa jina la kazi. Lakini kila nilipoandika hesabu ile ubaoni, sikuwa naiandika kwa ajili ya zile kumi na sita. Zile zilikuwa zangu. Ni zile tisa ambazo mpaka leo sijui pa kuzitoa.